Kulehemu Sikio la Baba

Fundi wa kwanza alifungua aparei ya kusikilizia ya baba yangu kwa meno. Sitii chumvi. Bisibisi ilikuwa mezani, karibu kabisa na kiwiko chake, lakini aliinua kile kiboksi hadi mdomoni, akakiuma pembeni mpaka kifuniko kikaachia, akatema kipande cha plastiki chini, kisha akakiweka kiboksi mbele yangu kimelowa mate. Kiboksi hicho hukaa kifuani mwa baba yangu, na waya wake huingia sikioni mwake. 

Baba ni kiziwi. Alitumikia maisha yake yote kwenye mashine za kampuni za kusaga mawe, na kelele zile zilimla masikio kidogo kidogo, hata siku alipopewa karatasi ya kustaafu ilibidi mama amsomee midomo ya wakubwa waliokuwa wakimshukuru. Baadaye sista mmoja wa parokia yetu, kabla ya kurudi kwao, alimwachia aparei ya kusikilizia: kiboksi cha ukubwa wa pakiti ya sigara, betri ndani, na waya mwembamba wenye kifundo cha kuchomeka sikioni. Kwa aparei ile baba alisikia misa, redio, na umbea wote wa barabara yetu. Halafu waya ukanasa kwenye kitasa cha mlango, naye akauvuta kwa hasira, maana baba yangu hata chumvi huinyunyiza kwa hasira, na nyuzi mbili zikang'oka ndani ya kiboksi. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kulehemu nyuzi mbili mahali zilipotoka. Hata mimi ninayeuza samaki wakavu sokoni niliona kwa macho yangu zilipotoka.

Ningeweza kungoja mpaka nipate safari ya kwenda Lubumbashi, kwenye mafundi wa kweli, kama si jirani.

Jirani wa kushoto wa baba alizungushia ua wake maturubai ya buluu na kutangaza kwamba anachimba choo. Kolwezi nzima inakijua choo cha namna hiyo. Ni choo kinachochimbwa na wanaume wenye taa kichwani, kinachotoa magunia ya udongo kila alfajiri, na ambacho kikifika chini hukata kona na kwenda upande. Chini ya mtaa ule wa zamani wa wafanyakazi kuna kobalti, na watu wanaifuata chini ya vyumba vya wenzao bila hodi. Mjane wa ng'ambo ya barabara alirudi kutoka kanisani akakuta jiko lake limezama, mbabula ya kupikia, makaa na sufuria zake vyote vimekwenda chini, na shimoni mtu anakohoa. Watu walikuja kumpa pole. Wengi wao, nilivyowaona mimi, walikuwa wanachungulia shimo kuona rangi ya udongo.

Katika nyumba ya baba, ukuta wa chumba alimokuwa akilala marehemu mama ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, ufa wa kuingiza vidole. Mchana, nikiketi kwenye kitanda cha mama, nilisikia sururu chini ya miguu yangu: ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Baba yuko barazani anakunywa chai, hana habari.

Nilimwandikia kwenye kipande cha katoni kwamba wanachimba chini ya nyumba yake, tuondoke twende kwangu. Alikisoma, akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akanirudishia.

“Ile ni maneno ya bantu ya jaluzi, bantu ya wivu,” alisema kwa sauti kubwa ya viziwi. “Banatafuta mi nitoke, bakamate nyumba.”

Nikamwonyesha ufa. Akasema ni mvua. Nikamwekea bakuli la maji sakafuni aone yanavyotetemeka. Akasema ni malori. Mwishoni alinikazia macho kama anayetaka kuniapiza.

“We mutoto, sikia. Mi nilikala na mabwe myaka yote, mabwe mi najua na masikio. Siku mi mwenyewe nitasikia, siku ile njo nitatoka. Mbele ya ile, hapana.”

Nilimshika kwenye neno hilo. Akisikia, atatoka. Basi nilihitaji mtu wa kulehemu nyuzi mbili, na nilimhitaji haraka kabla sakafu haijaachia na mzee juu yake.

Huyo wa meno alikuwa chini ya mwavuli karibu na soko, mmoja wa wale watengeneza simu. Alikipindua kiboksi huku na huku.

“Mama, iyi ni telefone ya modèle gani?”

“Haiko telefone. Ni aparei ya masikio ya tata yangu.”

“Haina écran?”

“Ungeweka kioo wapi, mu sikio?”

Alicheka, akachukua kile kifundo chenye nta ya sikio la baba, akakipangusa kwenye suruali yake, akakichomeka sikioni mwake kujaribu. Kujaribu nini, wakati waya wenyewe umeng'oka na unaning'inia mbele ya pua yake? Kisha akakichomoa, akakitazama, akajisafisha sikio kwa ukucha, na kwa ukucha ule ule akaanza kukwangua ndani ya kiboksi. Akaniomba nimwachie mpaka kesho. Hapo nikakusanya vyangu. Kolwezi ukimwachia fundi kitu mpaka kesho, kinarudi na uso wake ule ule na matumbo ya kingine. Nilipoondoka alikuwa ananipigia kelele kwamba nikiuze kiboksi hicho, yeye ataniuzia Android.

Fundi wa pili nilimwendea kwa sababu ya usafi wake, na mpaka leo najilaani kwa hilo. Alikuwa na duka la vioo katikati ya mji, koti jeupe, viatu vinavyong'aa katika mji huu ambao vumbi linaingia hata ndani ya yai. Watu walisema yeye ndiye anayetengeneza mashine za kupimia madini kwenye nyumba yanakonunuliwa, zile ambazo wachimbaji wanaapa kwamba hazijawahi kusema kweli hata siku moja. Ningepaswa kujiuliza mtu huyo ana mkono wa namna gani. Lakini niliona koti, nikakaa kwenye kiti nilichoonyeshwa, na kapu langu la samaki kati ya miguu.

Aliitazama kazi vizuri, hata nikaanza kumpenda. Akasema kwamba nyuzi hazitakamata, kwa kuwa shaba ya kwenye kadi, ule ubao mdogo wa ndani ya kiboksi, imezeeka na kuchafuka, lazima isafishwe kwanza. Akainama chini ya meza akatoa chupa ya soda yenye maji ya rangi ya mkojo. Harufu yake niliijua kabla hajafungua. Kila mtu hapa anaijua, malori yanaipeleka viwandani mchana na usiku, na likipinduka moja, majani ya kando ya barabara yanakauka na mbuzi hawapiti hapo tena.

“Ile ni acide,” nilisema.

“Ya usine kabisa, mama. Bashofere banatuuzishaka. Usiogope. Ku usine, acide njo inatosha kuivre mu libwe, si vile? Inakula buchafu yote, kuivre inabakia ya muzuri.”

Aliisema kama mtu anayesoma Injili. Na ukitaka kweli, kwa dakika nzima maneno yake yaliniingia. Sisi tumezaliwa tukiambiwa hivyo: jiwe linaingia kwenye asidi, shaba safi inatoka upande wa pili. Hakuna mtoto wa Kolwezi asiyejua. Akamimina kidogo kwenye kisahani cha chai, akailaza kadi ya baba ndani yake, akapokea simu, akatoka nje kubishana na mtu juu ya mpira.

Aliporudi, maji ya kisahani yalikuwa yameanza kugeuka buluu na kijani. Akayainamia, na nakuambia, uso wake ulifurahi.

“Ona, mama! Kuivre inatoka!”

Ilikuwa inatoka kweli. Mistari myembamba ya shaba iliyokuwa inazunguka pembeni mwa kadi ilikuwa imeliwa, kwingine imebaki vipande vipande, kwingine hakuna kitu, ubao mtupu. Sijui ile asidi walikuwa wameichanganya na nini. Yule mtu alikuwa amelipika sikio la baba yangu kama mzigo wa mawe, na akalishangilia. Furaha ikamtoka usoni polepole alipokumbuka kwamba shaba ile ilikuwa inatakiwa ibaki ilipokuwa.

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kisahani kikaruka. Nilimwambia maneno ambayo marehemu mama hakunifundisha. Mwenzangu alivaa miwani ya mbao.

“Usinipigie makelele, mama. Kile kintu kyako kilikuwa kya zamani. Na tena unanuka samaki mu bureau yangu.”

Mimi, nanuka! Asidi inamwagika kwenye koti lake, ndani ya duka hakuna hewa ya kuvuta, na kinachomkera ni samaki wangu waliokaushwa na jua la Mungu. Niliisuuza kadi kwa maji ya chupa yangu pale pale kwenye zulia lake, kwa makusudi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda zangu nikilia njia nzima. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa kinyaa, kinyaa cha mji ambao mtu hawezi kuona kitu chenye shaba bila kutaka kuikamua.

Nilipita kwa baba. Pembe moja ya chumba cha mama ilikuwa imeshuka, na kabati lake la nguo lilikuwa limeinama mbele. Baba alikuwa ameweka tofali chini ya mguu wa kabati, akajisifu kwangu kwa kazi nzuri. Mbao za zamani, alisema, zinachoka. Chini ya tofali lile nilisikia watu wanacheka.

Kesho yake nikaenda mahali ambapo tangu mwanzo nilikuwa nakataa kwenda, kwenye vibanda vya wachimbaji, nje ya mji, upande upepo unakoleta lile vumbi jeupe la Kingamyambo, kwenye malundo ya mabaki ya madini, linaloshika kooni. Pale kuna mtu kazi yake ni kutengeneza taa za kichwani. Wachimbaji hawawezi kushuka bila taa, na taa zao hufa kila mara kwa maji na tope, kwa hiyo yeye hulehemu kutwa nzima. Kama kuna mkono uliozoea nyuzi ndogo Kolwezi, ndio huo.

Mkono wenyewe, Mungu anisamehe, sikutaka kuuona. Umeme hakuna pale, kwa hiyo chuma chake cha kulehemu alikichoma kwenye mbabula, na kwenye mbabula hiyo hiyo alikuwa anachoma matumbo ya mbuzi. Alichomoa chuma kati ya matumbo, akakitemea mate kusikia kama kimepata moto, akakichovya kwenye kopo la nyanya lenye utomvu mweusi wa kulehemea na nzi waliokufa ndani, moshi ukatupanda sote usoni, kisha kwa vidole vile vile akageuza nyama. Akalamba vidole. Akanyoosha mkono nimpe kadi.

Na mdomo wake ulikuwa mbaya kuliko mkono. Alinitania kuhusu umbo langu mbele ya vijana waliokuwa wamechuchumaa wanangoja taa zao, akajisifu kwamba bila yeye shaba yote ya jimbo la Lualaba ingebaki ardhini, akaitazama kadi na kuuliza ni ng'ombe gani aliyeitafuna. Lakini alifanya. Alitoa nyuzi nyembamba kama nywele kutoka kwenye mota ya zamani, akaziunga pale mistari ilipoliwa, akadondosha risasi iliyoyeyuka juu yake madonge madonge kama kinyesi cha kuku. Kiboksi cha baba hakikufungika tena kwa sababu ya yule wa meno, basi akaikandamiza kadi ndani ya ganda la taa ya kichwani na kulifunga kwa mpira wa baiskeli.

“Muzee anataka kusikia nini vile?” aliuliza, mdomo umejaa utumbo.

Nilikuwa nimechoka, nikasema kweli: kuna watu wanachimba chini ya nyumba yake, nataka asikie, akimbie.

Vijana wote waliochuchumaa waliinua vichwa.

“Ku avenue gani, mama?” mmoja aliuliza.

“Libwe yenyewe iko ya rangi gani?” akauliza mwingine.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mzee ni mzima. Niliwapa mgongo. Nilikipangusa kifundo kwa ncha ya kitenge changu, nikakipangusa tena, nikakichomeka sikioni mwangu. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yanalia kwenye makaa kama mvua juu ya bati. Ilikuwa inafanya kazi.

Nilifika kwa baba mchana, jua la utosi. Kabla ya kumpa aparei niliingia chumbani mwake nikakunja nguo zake, blanketi, rozari yake na picha ya mama, nikavifunga kwenye sanduku na kuliweka mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kuongea na mtu wa toroli. Ndipo nikamvisha lile ganda kifuani na kumchomeka kifundo.

Alifumba macho. Jogoo akawika mahali fulani, naye akatabasamu.

“Sema kintu,” aliniambia.

“Baba, unanisikia?”

“Sauti yako inakuwa mubaya. Unauzisha sana samaki.”

Nilicheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Nikamshika mkono nikampeleka chumbani kwa mama, nikamwambia anyamaze. Tulisimama. Halafu chini yetu: ko, ko, ko.

Uso wake ulibadilika. Alijishusha magotini, mzee mzima, akalaza kifua chake chenye lile ganda juu ya saruji. Alisikiliza. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza tena. Akatambaa hadi chini ya dirisha, akarudi hadi kwenye kabati, akaingia nusu chini ya kitanda cha mama, nikabaki naona miguu yake tu. Nilimwacha. Nilifikiri, mwache aione hofu mwenyewe, mwache ashibe. Nililivuta sanduku karibu.

Alipotoka chini ya kitanda alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Tangu tumzike mama sikuwahi kumwona na uso ule.

“Haiko budongo,” alisema kwa kunong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona. “Beko ku libwe yenyewe. Inapita apa, pa chini ya kitanda, inaenda ku muryango. Nasikia sururu vile inaimba.”

“Baba, twende.”

“Wapi?”

“Kwangu. Ulisema ukisikia utatoka.”

Alinitazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Kisha akatoka kweli. Akaliruka sanduku lake mlangoni, akavuka ua, akashika turubai la buluu na kulitikisa kwa mikono miwili.

“Nabasikia!” alipiga kelele. “Bote mi nabasikia! Muko chini ya nyumba yangu, munakula libwe yangu! Mutanipa fungu yangu, ao leo naita polisi!”

Nilisimama barazani, mikono kichwani. Nilimngoja jirani amtukane, nikawa hata naomba amtukane. Lakini jirani alitoka na kiti. Akakipangusa, akamkalisha baba, akamwita papa, akaagiza bia. Kabla jua halijaegemea walikuwa wamekwisha kuelewana. Tena baba mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: mbona wanakuja kwa kuzunguka, kama mawe yanapita moja kwa moja chini ya chumba cha mke wake? Waje wafungue shimo pale pale ndani. Kuna paa, kuna mlango, mvua haitaingia.

Wachimbaji walikibeba kitanda cha mama nje mbele yangu. Mmoja alikuwa anakula muhogo juu ya godoro lake.

Nilimkamata baba mkono nikamwambia kwamba nimeaibika kuwa mtoto wake. Nilimwambia ananitia kinyaa, yeye kuliko wote, kuliko wa meno na wa asidi na wa matumbo. Alisikia kila neno, nilihakikisha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Myaka yote nilisaga libwe ya benyewe,” alisema. “Banaacha niende na masikio ya kufa. Leo libwe iko yangu, mu nyumba yangu. We unataka mi nikimbie?”

 Nilipakia kitanda cha mama kwenye toroli iliyokuja kuchukua sanduku, nikakipeleka kwangu, na kwa siku nyingi sikukanyaga kule. Habari nilizipata sokoni. Baba amekuwa mtu wa maana. Anaketi kwenye ukingo wa shimo, ndani ya chumba cha mama, lile ganda kifuani, anasikiliza wanavyochimba ili wasimwibie. Na siku moja aliwafokea wapande wote haraka, kwa sababu amesikia jiwe linalalamika, nao wakapanda, na kweli kipande kikaanguka nyuma yao. Sasa hawashuki kama hayupo. Yeye naye haondoki.

Juma lililopita mmoja wao alikuja mezani kwangu, tope hadi nyusi, akaniambia mzee anaomba nimletee betri, za kwake zinakufa. Nilimwambia akamwambie mzee sinunui. Niliapa. Niligonga meza, wanunuzi wakashtuka. Yule kijana akainua mabega, akasema mzee atakaa vile vile bila kusikia, kazi haiwezi kusimama, akaenda zake.

Niliuza dagaa, nikarudisha chenji vibaya, nikagombana na mteja wangu wa siku zote. Nikajaribu kuwaza kitu kingine. Lakini nilikuwa namwona tu, ameketi pale kwenye ukingo, jiwe linalalamika chini yake, naye hasikii. Nikafunika samaki kwa turubai nikaenda kununua betri, natukana njia nzima.